Sahani Moja Haijazi Mashine

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usipate taabu, mkasa wenyewe si mrefu. Mimi ni kinyozi niliyestaafishwa na mkono wangu mwenyewe. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, na hakuna mteja anayefumba macho kwa raha chini ya wembe unaotetemeka. Nikafunga kibanda. Nikahamishia nyumbani kiti changu cha kunyolea, kioo kimoja, na ule waya mrefu wa soketi niliokuwa nikichomekea mashine za nywele.

Mke wangu akatangulia kabla sijazoea kukaa nyumbani. Binti yetu, anayeishi mbali, akafikiri, akafikiri, akaona dawa ya upweke wa baba yake ni mashine ya kuosha vyombo.

Usicheke. Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikakumbuka sina wa kucheka naye.

Akaniambia kwa simu, "Baba, usiiwashe mpaka ijae. Ukiiwasha tupu unamwaga maji bure."

Sasa niambie, mtu mwenye sahani moja, kikombe kimoja na kijiko ataijaza lini? Ndipo nilipogonga kwa Mama Pacha, jirani ambaye mlango wake unatazamana na wangu, nikamwomba vyombo vyake vichafu. Alinitazama kama mtu aliyeanza kurukwa na akili, kisha akanipa beseni zima. Nyuma yake wakaja wengine. Nilikuacha pale jengo zima likiniita Babu Vyombo, na sebule yangu ikiwa na watu kuliko kibanda changu siku ya mkesha wa sikukuu.

Wiki hii ni ya namna mambo yalivyonitumbukia nyongo.

Lakini lazima nianze na Mwalimu, maana bila yeye haya yote yangebaki kuwa mchezo.

Mwalimu anakaa ghorofa ya juu yangu. Ameshastaafu, hana mume, wala hana mtoto wa kumpigia simu. Wenzake waliniletea masufuria yaliyoungulia. Yeye alileta kikombe.

"Kimoja tu?" nikamuuliza.

"Ndicho nilichonywea. Ulitaka ninywee ndoo?"

Siku iliyofuata akaja na kikombe kilekile. Nikakitazama ndani. Kilikuwa kisafi, hakina hata harufu ya chai.

"Mwalimu, hiki kimeshaoshwa."

"Basi kioshe vizuri zaidi."

Sikuuliza tena. Nilimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akawa anajizungusha taratibu kwa kidole cha mguu, mashine ikinguruma jikoni, tukapiga soga. Alinisimulia wanafunzi wake wa zamani wanaopishana naye barabarani wakajifanya hawamjui. Nilimsimulia wateja waliokuja kunyoa na kumbe wamekuja kulia. Miaka yote ile nilikuwa nikisikiliza watu huku nimewashika vichwa. Kwake ndiyo mara ya kwanza nilisikiliza mikono yangu ikiwa magotini.

Kitu kimoja tu hatukuelewana. Nyumba yangu ina sheria ya viatu. Marehemu aliiweka: hakuna kiatu kinachovuka kizingiti, awe nani awe nani. Na mimi niliishika sheria ile kuliko alivyoishika yeye, maana ndiyo sauti yake iliyobaki humu ndani.

"Kinyozi, sakafu yako ina baridi," Mwalimu alisema. "Mbona wewe una kandambili? Huna nyingine za wageni?"

Zilikuwepo. Kandambili za marehemu, chini ya kabati la jikoni, zimeelekea ukutani kama alivyozivua.

"Sina," nikasema.

Naye akaendelea kuja peku.

* * *

Sasa kuhusu mkono.

Siku moja natoa vyombo, nikigusa mlango wa mashine mkono ukanichomachoma mpaka kwenye kiwiko, kama sisimizi wanapita ndani ya mshipa. Nikashtuka. Halafu nikasema, ah, ni ugonjwa wangu huu. Mkono ulionifukuza kazini umeamua sasa kunifukuza na jikoni.

Nikaupaka dawa ya kuchua. Kesho yake nikigusa mashine, sisimizi haoo. Nikaongeza dawa. Nyumba nzima ikanuka dawa ya kuchua mpaka Mama Pacha akauliza kama nimejiunga na timu ya mpira.

Na hapohapo kulikuwa na maji. Mstari mwembamba tu, unatokea chini ya mashine na kutambaa hadi kwenye mguu wa meza. Nikatandika taulo. Taulo likilowa nalikamua, natandika jingine. Nilijiambia kitu kinachocheza na maji mchana kutwa hakikosi kutoa jasho.

Hivi ndivyo mtu mzima na ndevu zake anavyojidanganya. Nilikuwa na maji yanavuja upande huu na mkono unaochomachoma upande ule, na sikuwahi kuviweka pamoja. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake.

Mpaka siku Mama Pacha alipoamua kunisaidia. Alikuwa amesimama juu ya mkeka wa jikoni, akashika mpini wa mlango wa mashine, akapiga ukelele, sahani ikaruka ikaenda kuvunjikia sinkini.

"Mashine yako imeniuma!"

Nikacheka. "Mashine haina meno, Mama Pacha."

"Mzee Kinyozi, nakuambia imeniuma! Tazama, nywele zote za mkono zimesimama!"

Kicheko kikanikauka. Mkono wa Mama Pacha hautetemeki. Mkono wa Mama Pacha unabeba pacha wawili na gunia la mkaa.

Yeye ndiye aliyeniitia fundi umeme.

* * *

Fundi alikuwa kijana mpole, anaongea na ukuta kuliko anavyoongea na mtu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu. Viatu hapo."

"Samahani Mzee, mimi jikoni penye maji sivui viatu."

Nikataka kubisha. Akanitazama usoni, nikampisha. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kizingiti kile na viatu, na nilikasirika kimoyomoyo kama mtoto.

Akazima swichi kuu iliyo juu ya mlango wa mbele, akaivuta mashine, akalala kifudifudi na tochi mdomoni. Alikaa huko hata nikadhani amelala usingizi. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira mweusi uliopasuka na kukakamaa.

"Huu ndio unaofunga mlango. Umepasuka kwa chini. Maji yanapita hapa, yanashukia tumboni mwa mashine, huko kuna nyaya. Yanayobaki yanamwagika sakafuni." Akaelekeza tochi chini. "Na sakafuni ameweka nani huu waya?"

Ulikuwa waya wangu wa kibanda, na kichwa chake cha soketi kimelala ndani ya maji kama chura.

"Mimi," nikasema. "Plagi ya mashine haikufika kwenye soketi ya ukutani."

"Ulikuwa wa kazi gani?"

"Mashine za nywele. Umenitumikia miaka yote, haujawahi kunisumbua."

Akatikisa kichwa polepole. "Mashine ya nywele unaishika kwa vidole viwili, Mzee. Hii inachemsha maji. Halafu waya huu ndani una nyaya mbili tu. Waya wa tatu, ule wa ethi, hauna kabisa."

"Wa tatu ni wa nini?"

"Ni njia ya kutorokea. Umeme ukivuja ukafika kwenye bati la mashine, unapita kwenye waya ule unakwenda zake ardhini, na fyuzi inakatika. Usipokuwepo, umeme unakaa palepale kwenye bati, unasubiri. Mtu akigusa, yeye ndiye anakuwa njia."

"Mbona mimi naugusa kila siku na ni sisimizi tu?"

Fundi akatazama miguu yangu. "Una kandambili za mpira. Siku utakayogusa ukiwa peku na sakafu imelowa..." Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Alichomoa plagi, akaizungushia tepu nyekundu mpaka ikafanana na kidole kilichofungwa bandeji.

"Usiiwashe mpaka nirudi. Nitakuja na mpira mpya, na waya unaostahili, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Mpira wa mashine hii hauuzwi kila duka, niache niutafute. Na Mzee, ikitokea mtu amenaswa, popote pale, usimshike. Utanaswa naye. Kimbilia swichi kuu kwanza."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Na kweli nilimwelewa. Hilo liweke akilini, msomaji wangu, maana huko mbele utatafuta namna ya kunitetea.

* * *

Mama Pacha akaja kuchukua beseni lake.

"Pole, Mzee Kinyozi. Basi ikipona utatuambia."

Akaenda. Na wa sufuria zilizoungulia akachukua zake, na kijana mmoja mpenda hotuba ndefu za kandanda akachukua sahani zake mbili. Wote walisema pole. Hakuna aliyekaa.

Sikuwalaumu. Mtu haendi kwa mwenzake kukaa tu, watu wana shughuli. Wanakwenda na kitu, wanangoja kitu, na wakingoja ndipo wanapozungumza. Kibanda changu kilikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kuingia akasema nimekuja kuzungumza na wewe. Walisema, nipunguze pembeni.

Mwalimu alikuja akiwa na kikombe chake. Alisimama kizingitini, tayari ameinama kuvua viatu.

"Mashine mbovu," nikamwambia.

"Aa." Akasimama wima. "Mbovu sana?"

"Mpaka mpira upatikane."

"Basi."

Hakuondoka papo hapo. Alikigeuzageuza kile kikombe mikononi. Nilitaka kumwambia, ingia tu, Mwalimu, kiti kipo. Nadhani hata yeye alikuwa akingoja aambiwe. Lakini maneno yale yalinikwama, maana kumkaribisha mwanamke bila chombo cha kuosha ni kusema jambo jingine, na sote wawili umri wa kusema jambo jingine umetupita. Akasema siku njema. Nikasikiliza nyayo zake zikipanda ngazi, kisha mlango wa juu ukafungwa.

Hujaijua nyumba tupu mpaka uwe umeionja iliyojaa. Kabla ya mashine nilikuwa mpweke na nimezoea. Sasa nilikuwa mpweke na ninahesabu. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha kunyolea, najizungusha, kioo kinanionyesha mzee mmoja akipita, akipita tena.

Binti yangu alipiga simu.

"Baba, mbona kimya? Wageni wako leo hawapo?"

"Wapo! Wapo wengi." Nikanyoosha mkono nikaongeza sauti ya redio. Kulikuwa na watu wanabishana bei za mazao. "Unawasikia?"

"Nawasikia. Wanabishana nini?"

"Mambo ya mazao."

"Haya Baba, nisikukatishe. Nafurahi huko peke yako."

"Nini?"

"Nasema nafurahi hauko peke yako."

Akakata. Nikapunguza redio. Nikaenda jikoni, nikaosha sahani yangu kwa mkono, nikaifuta, nikaichafua tena kwa kipande cha mkate ambacho sikukitamani, nikaiosha tena.

Kisha nikatoa ile tepu nyekundu.

* * *

Ninajua utasema nini. Ngoja nikueleze nilivyopanga, maana nilipanga kama mtu mwenye akili zake. Kandambili sivui. Waya nimeuinua juu ya stuli, haulali tena kwenye maji. Mataulo nimetandika manne. Mlango wa mashine naugusa mimi tu, mtu mwingine hasogei jikoni. Fundi atarudi siku yoyote, atafunga mpira wake, na hakuna atakayejua.

Nikamgongea Mama Pacha.

"Fundi alikuja," nikasema. "Mashine inafanya kazi."

Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Nimenyoa watu wanaosema uongo maisha yangu yote, na sikuwahi kusikia uongo uliofumwa kwa ukweli mtupu kama ule.

"Alhamdu, mikono yangu ilishaanza kupauka!" Mama Pacha akacheka, akarudi na beseni limefurika. Na nyuma ya beseni wakarudi wote. Mlangoni kwangu viatu vikajipanga tena. Nilivitazama vile viatu nikajisikia mtu.

Mkono uliponichomachoma natoa vyombo, safari hii nilijua si ugonjwa. Nilijua, na nikaendelea kutoa vyombo.

Mwalimu alikuja jana mchana.

Mashine ilikuwa inanguruma, imebeba beseni la kwanza la Mama Pacha, mwenyewe amevuka kwake kuleta la pili. Nilikuwa nimeshakipanga kikombe cha Mwalimu ndani tangu asubuhi, juzi alikuwa amekiacha kwangu makusudi. Akavua viatu, akavipanga, akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Nasema chake.

Hakujizungusha siku hiyo. Alitazama kwenye kioo.

"Kinyozi, mkono wako unaendeleaje?"

"Unatetemeka, kama kawaida yake."

"Nataka uninyoe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimechoka kusuka," akasema. "Nimechoka kupaka rangi nywele ambazo hakuna anayeziona. Zipunguze zote, zibaki hizi nyeupe za chini. Nataka nijione nilivyo."

"Mwalimu, nitakukata sikio."

"Nitatulia. Wewe chukua muda wako. Nani anatukimbiza?"

Tangu nifunge kibanda hakuna mtu aliyenikabidhi kichwa chake. Binti yangu aliponitembelea alikwenda kwa kinyozi mwingine, asinitie uchungu. Na huyu mwanamke ananiambia chukua muda wako. Nilihisi macho yananiuma. Nikasema ngoja nikalete mkasi, nikaingia chumbani harakaharaka asinione.

Sanduku la vifaa lilikuwa chini ya kitanda. Nilipiga magoti. Nikatoa mkasi wangu mzuri, nikaupuliza vumbi, nikatafuta kitambaa cha kufunga shingoni kilicho kisafi. Nilikuwa na furaha, na kwa mara ya kwanza tangu nitoe tepu ile nikasahau kabisa kwamba jikoni kuna kitu kinachosubiri.

Mashine ikamaliza. Ikalia mlio wake wa kuita.

"Usisumbuke," Mwalimu akasema kutoka sebuleni. "Nachukua kikombe changu mwenyewe."

"Usiguse!"

Nilipiga kelele. Naapa nilipiga kelele. Lakini nilikuwa nimeinamia sanduku, kichwa kiko chini ya kitanda, na sauti ilikwenda kwenye godoro.

* * *

Nilimkuta amesimama.

Hilo ndilo lililonitisha, kwamba alikuwa amesimama tu. Miguu peku ndani ya maji, mataulo yangu manne yamelowa chapachapa, mkono wa kulia umeshika mpini wa mlango wa mashine. Vidole vimekaza. Mdomo uko wazi na hautoi neno. Macho yake yalinigeukia, na mwili mzima ukawa unatetemeka kama mkono wangu.

Nikanyoosha mkono kumvuta. Nilikuwa nimebakisha kama urefu wa mkasi. Ndipo sauti ya fundi ikanijia: usimshike.

Kumwacha pale na kukimbia upande mwingine ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikakimbilia mlango wa mbele. Swichi kuu iko juu, na mkono wangu wa kulia uligoma kuilenga. Mara ya kwanza nikapiga ukuta. Mara ya pili nikapiga ukuta. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikaivuta chini.

Redio ikakata. Jikoni kitu kizito kikaanguka.

Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, anahema. Anahema, msomaji. Nikapiga magoti ndani ya maji.

"Mwalimu. Mwalimu, niangalie. Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema, kwa sauti ndogo. "Usipige kelele, mimi si kiziwi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kisha nikaona anautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mapajani, kiganja juu, na vidole vimekunjika. Alikuwa anavitazama kama mtu anayemngoja mwanafunzi ajibu.

"Havifunguki," akasema.

Hapo ndipo Mama Pacha alipotokea na beseni lake la pili, yuko peku, viatu kaviacha mlangoni kama sheria inavyotaka. Beseni likamponyoka.

"Kuna nini? Mwalimu! Mzee Kinyozi, kuna nini?"

"Umeme," nikasema.

"Umeme? Si fundi aliitengeneza?"

Sikujibu. Ningeweza kujibu. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa, ya kupita gari.

"Ooh, huyu fundi leo atanitambua!" Mama Pacha alikuwa tayari ameshatoa simu. "Nimemleta mimi mwenyewe kwa mdomo wangu! Anakula pesa za watu halafu anataka kutuulia Mwalimu wetu! Nitamwita mbele ya jengo zima, hatapata kazi tena mtaa huu, na polisi atakwenda!"

"Mama Pacha, subiri..."

"Sisubiri!"

Alikuwa ameshapiga. Na kwa kuwa hasira zake huwa zinataka wasikilizaji, akaweka sauti ya wazi, ikasikika jikoni kote.

"Fundi! Mashine uliyoitengeneza imemnasa mtu!"

"Mashine ipi, dada?"

"Ya Mzee Kinyozi! Utajifanya huijui?"

Halafu ile sauti yake ya upole.

"Dada, hiyo mimi sijaitengeneza. Mpira bado naungoja. Niliichomoa nikaifunga tepu nyekundu, nikamwambia Mzee asiiwashe, inaua. Hajawaambia?"

Mama Pacha akaishusha simu taratibu. Hakunitazama. Ningependa angenitukana.

"Dada? Huyo mtu yuko vipi?" fundi akaendelea. "Hata kama anasema yuko sawa, mpelekeni hospitali sasa hivi. Umeme unaweza kuugusa moyo, na mtu asijue mpaka baadaye. Na asitembee peke yake. Dada, unanisikia?"

"Nakusikia," Mama Pacha akasema, akakata.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mlango wa mashine, tone, tone. Mwalimu alikuwa bado ananitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa na uso wa mtu aliyepishana barabarani na mtu anayemjua, na yule akajifanya hamjui.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Mimi ningekuja hata bila mashine, Kinyozi."

Akajiinua kidogo kwa mkono wa kushoto.

"Nitakwenda na Mama Pacha," akasema. "Wewe niletee viatu vyangu."

"Nitakuja nanyi. Nitakubeba..."

"Viatu vyangu."

Nikasimama. Nikapita sebuleni, nikapita kiti cha kunyolea kilichokuwa bado kimegeukia kioo, na mkasi wangu mzuri niliouangusha mlangoni mwa chumba. Viatu vyake vilikuwa kizingitini, vimepangwa sambamba, kisigino kwa kisigino, karibu na vya Mama Pacha.

Nikainama nikaviinua. Vilikuwa viatu vyake vya miaka ya darasani, vya mtu anayesimama kutwa, na nilipovigeuza nikaona soli zake. Zilikuwa za mpira, nene kama kidole changu.

Nyuma yangu jikoni nilimsikia Mama Pacha akimuuliza kama vidole vimeanza kurudi. Nilisimama pale na viatu vifuani, nikingoja jibu.